Bwana Mifugo Hayupo

Kuna nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Jumanne tu. Ni nchi nzuri. Ina misimu miwili ya mvua, ina ng'ombe wengi kuliko watu, na ina Wizara ya Habari, Mitandao na Utulivu wa Fikra, ambayo ndiyo huwatangazia wananchi kwamba mvua imenyesha, hata wale walioloa.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikitu Mbaruku, mkalimani wa serikali. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi wa mikutano, visikilizio masikioni, akisikiliza lugha ya taifa na kuitoa kwa lugha ya wageni, kisha akisikiliza ya wageni na kuitoa kwa lugha ya taifa, papo hapo. Miaka kumi na sita alikuwa ameifanya. Sheria ya nchi ilisema kwamba mkalimani akibadili neno la kiongozi atahesabiwa kuwa amelichapisha yeye, na adhabu ya kuchapisha kila mtu aliijua. Sikitu hakuwahi kubadili neno.

Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi na kaka yake, Hemedi, katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Hemedi alikuwa bwana mifugo wa kata, mtu mrefu asiye na maneno mengi, anayenukia dawa ya kupe hata siku ya Idi.

Mwezi wa tatu mwaka ule ilitangazwa redioni kwamba josho la kuogeshea ng'ombe la kata yao limekamilika. Hemedi, ambaye ndiye angeliendesha, alipanda pikipiki akaenda kulipokea. Alikuta uwanja, nyasi, na kibao kizuri chenye picha ya ng'ombe anayecheka. Josho halikuwepo. Akaupiga picha ule uwanja, akaiweka mtandaoni, na chini yake akaandika maneno mawili: "Josho letu." Hakuongeza kitu. Picha ile ilionwa na watu arobaini na watatu kabla ya kufungwa, na huyo wa arobaini na tatu alikuwa askari.

Wakamchukua asubuhi, pamoja na pikipiki yake. Shtaka lilisema kwamba amesambaza uwanja mtupu kwa nia ya kuwafanya wananchi wauone. Pikipiki ilirudishwa baada ya wiki moja, kwa vile uchunguzi ulithibitisha kwamba haikuwa na maoni. Hemedi hakurudishwa.

Kila Jumamosi Sikitu alikwenda gerezani na nguo safi na chakula. Getini hawakuvipokea wala kuvikataa; waliandika jina lake daftarini wakamwambia asubiri, na alasiri wakamwambia sasa aende. Siku za kazi alizunguka madirishani, ofisi moja hadi nyingine, akiuliza kaka yake yuko wapi. Kila dirisha lilimwelekeza kwenye dirisha jingine kwa adabu kubwa. Wiki za kwanza alilia. Kisha asubuhi moja aliamka akakuta kilio kimekwisha, na mahali pake pameingia kitu kama ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila ganzi hiyo ilikuwa ya mwili mzima. Siku ile alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote, akaenda kazini.

Ndipo ukaja mkutano.

Mataifa tisini na moja yalikuwa yakibishana kwa miaka mingi juu ya nani autawale mtandao. Safari hii yalikubaliana yakutane katika nchi ile, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na uzoefu mkubwa kuliko zote: ilikwisha kuuzima mtandao mara ishirini na sita, na mara moja iliuzima kwa wiki tatu kabla mtu yeyote serikalini hajakumbuka ni kwa nini.

Kwa heshima ya wageni, mtandao ulizimwa tena siku moja kabla ya ufunguzi, ili wajumbe waujadili bila kusumbuliwa nao. Wananchi waligundua kama wanavyogundua siku zote: kila aliyetoka nje aliwakuta wenzake wamesimama wameinua simu juu, kama wanaozianika. Wajumbe, kwa upande wao, hawakuachwa hivihivi. Kila asubuhi waliletewa mezani bahasha yenye kurasa arobaini za mtandao zilizochapishwa na Wizara, zimegongwa mhuri, na pembeni pameachwa nafasi ya kuandika maoni kwa penseli.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Balthazari Njechele, ndiye aliyefungua. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, na alikuwa amekataza neno "kudhibiti" lisitumike wizarani kwake. Yeye alipenda neno "malezi".

"Mtandao, waheshimiwa wajumbe, ni mtoto," alisema, na Sikitu kibandani akasema hivyohivyo kwa lugha ya wageni. "Amezaliwa juzi, meno hayajamtoka vizuri, na tayari ameachwa azurure na wahuni. Sisi hatumfungi mtoto huyu. Tunamlea. Na katika malezi, kama wazazi mliomo humu mnavyofahamu, kuna wakati wa kumlaza mtoto. Jana tumemlaza."

Walipiga makofi hata wasiokuwa na watoto.

Siku tatu zilipita katika jambo hilo la mtoto. Mjumbe wa makampuni makubwa alisema mtoto ni wao, wamemzaa wao, na wanaomba waachiwe wamlee wenyewe, kwani ndio wanaojua anakula nini, analala wapi na anaota nini. Wajumbe wa nchi zinazosifika kwa uhuru walisema kwa masikitiko makubwa kwamba kuuzima mtandao ni jambo la aibu, kisha wakati wa chai wakaomba nakala ya mwongozo wa kuuzima, kwa ajili ya utafiti. Mjumbe mmoja kijana aliuliza kama wananchi nao wataulizwa wanataka mtoto wao alelewe vipi. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba wananchi hawakujisajili kwenye mkutano, na muda wa kujisajili umekwisha.

Sikitu aliyapitisha yote hayo kinywani mwake. Maneno yaliingia sikioni na kutoka mdomoni kama abiria wanaopita stesheni, na yeye ndiye stesheni. Hakuna aliyeshuka kukaa. Alifanya kazi kwa zamu na mzee Ananias, mkalimani wa siku nyingi aliyemfundisha kazi, nusu saa huyu, nusu saa yule. Mzee Ananias alijua habari za Hemedi. Hakuwahi kuzitaja, maana vibanda vya ukalimani vina vipaza sauti, lakini kila asubuhi alimletea karanga za kukaanga ndani ya karatasi, akaziweka upande wake wa meza.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, ikiwa ni zamu ya Sikitu, mjumbe wa nchi moja ya visiwa vya baridi aliinua kadi yake. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Akatoa karatasi mkobani. Kumbe ile picha ya uwanja, iliyofungwa nyumbani baada ya watu arobaini na watatu, huko nje ilikuwa imezunguka dunia nzima, na watu wasiojua josho ni nini walikuwa wameitazama na kuhuzunika.

Yule mama alizungumza polepole. Na mkalimani, kama ilivyo desturi ya kazi, hasemi "amesema kwamba anaomba". Husema "ninaomba", kana kwamba yeye ndiye msemaji. Kwa hiyo Sikitu alisogea kwenye kipaza sauti, na kwa lugha ya nyumbani kwao akasema:

"Ninamuulizia Bwana Hemedi Mbaruku, bwana mifugo. Alichukuliwa nyumbani kwake siku sabini na moja zilizopita. Ninaomba Mheshimiwa Waziri aniambie yuko wapi, na kama yu hai."

Swali hilo alikuwa amelipeleka kwenye madirisha kumi na moja, kwa barua, kwa fomu, kwa nakala tatutatu. Sasa liliingia moja kwa moja ndani ya sikio la Waziri, kwa sauti ya Sikitu mwenyewe, na alimwona kwa mbali akikishika kisikilizio ili asikie vizuri. Miezi ile yote alikuwa amedhani kwamba akipata nafasi hiyo ataanguka, au atapiga kelele, au moyo utasimama. Haikuwa hivyo. Alichowaza ni kwamba "kama yu hai" imekaa vizuri, na kwamba "kama bado anaishi" ingekuwa ndefu.

Mzee Ananias alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, ili walau jibu lipite kwake. Sikitu akausogeza mkono wake pembeni, taratibu.  Labda alitaka kuwa wa kwanza kusikia.

Waziri alinong'onezana na msaidizi wake, akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Namshukuru mjumbe kwa swali lake zuri," alisema. "Nimeagiza madaftari yote yaangaliwe, na yameangaliwa. Mtu huyo hayupo. Hayupo gerezani, hayupo mahabusu, wala hayupo katika nchi hii. Ninachelea kwamba mjumbe amedanganywa na mtandao. Mnaona, ndugu zangu? Mtoto ameanza kusema uongo kabla hajajua kutembea."

Ukumbi ukacheka. Sikitu naye alikuwa ameyatafsiri yote, neno kwa neno, pamoja na mzaha wa mwisho, na aliupanga mzaha ule kwa ustadi hivi kwamba wageni walicheka sekunde ileile waliyocheka wenyeji. Katika fani ya ukalimani hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Zamu ilipokwisha aliletewa kadi ya pongezi kutoka meza kuu.

Alasiri hiyo azimio lilipita. Liliitwa Azimio la Malezi ya Mtandao, na maneno ya Waziri kuhusu bwana mifugo yaliambatishwa mwishoni, kuwa mfano wa madhara ya mtandao usiolelewa. Kesho yake wageni waliondoka, mtandao ukaamshwa, na wananchi wakashusha simu zao.

Baada ya siku tatu Sikitu aliletewa kumbukumbu rasmi za mkutano azithibitishe, kwani kila ukurasa ulipaswa kugongwa mhuri wake wa ukalimani. Aligonga kurasa mia mbili na kumi na moja bila kusoma. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili aliusoma. Ulikuwa Kiambatisho cha Tano, na ulisema Hemedi Mbaruku hayupo gerezani, mahabusu, wala nchini. Na chini yake, kama ilivyo kwenye kila kumbukumbu ya serikali ile, paliandikwa kwamba yaliyomo ni kweli na kwamba mtumishi wa umma atakayetenda kinyume chake amevunja sheria. Aliusoma mara tatu. Kisha akaugonga mhuri, akachukua nakala moja, ambayo kwa kanuni za kazi ilikuwa haki yake.

Jumamosi hakubeba nguo wala chakula. Alibeba faili, akaomba kumwona mkuu wa gereza.

Mkuu wa gereza aliitwa afande Kisoka, mtu mkavu, msafi, aliyenyoosha karatasi mezani mpaka pembe zilingane. Watu walimwogopa kwa sababu aliamini kila kilichoandikwa. Aliwahi kumzuilia mtu siku sita zaidi kwa kuwa barua ya kumwachia ilikosea herufi moja ya jina lake, na siku ya saba mtu yule alipokubali kubadili jina, alimfungulia bila kinyongo.

Alisoma ukurasa ule kwa kidole, akaukagua mhuri, akauliza mhuri ni wa nani. Sikitu akasema ni wake.

"Wewe ni nani kwa huyu mtu?"

Sikitu alifahamu kwamba dada wa mfungwa hana uzito mbele ya meza ile. Akina dada walikuja kila siku.

"Mimi ndiye mkalimani, afande," alisema. "Nimekuja kuhakikisha kwamba kilichosemwa ndicho kilichopo."

Afande Kisoka akafungua daftari la mahabusu, akashuka nalo mpaka mstari wa kumi na nne. Hapo akasimamisha kidole. Akatazama daftari, akatazama kiambatisho, akarudi kwenye daftari.

"Hapa yupo," alisema.

"Na hapa hayupo."

"Basi mmojawapo amesema uongo."

"Mmoja ni daftari lako," alisema Sikitu. "Mwingine ni Mheshimiwa Waziri, mbele ya mataifa tisini na moja."

Afande akalisogeza daftari mpaka pembe zake zikalingana na za kiambatisho. Jasho lilimtoka chini ya kofia, akalifuta kwa leso iliyopigwa pasi. Alieleza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba yeye hana fomu ya jambo hili. Fomu ya kumwachia mtu inataka jina lake, na jina likiandikwa leo itaonekana jana alikuwepo. Sikitu hakumsaidia. Alisimama tu mbele ya meza, mikono imeshika faili, hasikii njaa wala hofu, akamwacha afikiri. Ganzi ile ilimfaa siku hiyo. Mtu mwenye moyo mwepesi angeomba, na kuomba kungeharibu.

Mwishowe afande Kisoka akachukua rula na wino mwekundu, akaukata mstari wa kumi na nne kwa unadhifu mkubwa.

"Siwezi kumtoa mtu asiyekuwepo," alisema. "Ninachoweza ni kuagiza bawaba za mlango wa kumi na nne zipakwe mafuta. Na mlango ukipakwa mafuta lazima uachwe wazi."

Hemedi alitoka saa nane mchana. Alikuwa amevaa shati la mtu mwingine, na amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Sikitu hakumkumbatia. Alimshika mkono wa shati kwa vidole viwili, kama anayepima kitambaa dukani, akamwambia waende. Hemedi akaenda.

Yaliyofuata ni ya kawaida kwa nchi ile. Laini ya simu ya Hemedi ilifungwa kwa kukosa mwenyewe. Ofisi ya kata ilimweleza kwamba kituo chake cha kazi hakijawahi kuwa na bwana mifugo. Askari walikuja mara moja na karatasi ya kumkamata, lakini walipotaka kuandika jina wakakumbuka Kiambatisho, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka. Hatimaye Wizara ilimwandikia Sikitu barua ya upole. Ilimwomba, kwa heshima ya mataifa, kwamba yeyote atakayemuulizia mtu huyo ajibiwe kwa maneno yaleyale ya Azimio, na kwamba jibu tofauti litahesabiwa kuwa uchapishaji.

Kaka na dada wakarudi kuishi kama zamani, au karibu. Hemedi alikula akiwa ameelekea ukutani. Sikitu aliamka, akaenda kibandani, akatafsiri, akarudi. Aliingoja furaha kama mtu anayengojea basi ambalo ameambiwa limeshaondoka kituo cha nyuma. Haikuja. Alimtazama kaka yake akitafuna, akajua kwamba ni yeye, na kujua huko kukaishia kichwani.

Jumapili moja adhuhuri, wakiwa mezani, Hemedi aliuliza kwa mara ya kwanza alitokaje. Sikitu akamsimulia yote: yule mama wa visiwani, swali, jibu, mzaha, kicheko. Hakupunguza. Hemedi alisikiliza akiuangalia ukuta.

"Uliposema sipo," aliuliza, "sauti ilitetemeka?"

"Hapana, kaka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hemedi akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya vipimo. Akageuza kiti, akamwelekea, akamwomba aseme tena, safari hii kwa lugha ya nyumbani, asikie. Sikitu akamtazama usoni.

"Mtu huyo hayupo," alisema. "Hayupo gerezani, hayupo mahabusu, wala hayupo katika nchi hii."

Ilitoka safi, imenyooka, kila neno mahali pake.

"Ningekuwa mzungu," alisema Hemedi, "ningekuamini." Hakusema kwa ubaya. Akaendelea kula.

Wakati huo mtu akapiga hodi uani. Alikuwa mama wa mtaa wa chini, jina lake Nyamizi, amevuta ndama kwa kamba, na ndama tumbo limemvimba upande mmoja kama ngoma, anapumua kwa shida. Sikitu alifungua mlango, akasimama kizingitini. Nyuma ya yule mama, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kijiduka, na kwenye benchi lake alikaa bwana mmoja mwenye miwani myeusi ambaye tangu barua ilipokuja alikuwa akinywa soda ileile.

"Samahani, mwanangu," alisema Nyamizi. "Nauliza, bwana mifugo yupo?"

Yule bwana wa kijidukani akaiweka soda chini.

Sikitu alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo tayari, lenye mhuri, amelisema kwa lugha mbili na hakuna lililokwama. Nyuma yake alisikia kijiko cha Hemedi kimetulia. Ndama akapiga goti moja chini. Na mkalimani wa serikali wa miaka kumi na sita, ambaye hakuwahi kubadili neno, alilitoa vibaya neno moja tu, kwa sauti iliyokatika katikati, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Yupo," alisema.